Mlango wa Buluu

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, siku ile ile yalipotokea. Ilikuwa Jumanne saa sita mchana, naye amekaa kwenye kigoda changu cha jikoni na kiatu kimoja tu mguuni. Cha pili kilikuwa bado kwa fundi viatu. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, kwa maana mtu aliyetoka mbioni ukimkatiza hasimulii tena vizuri. Aliyekuwa akitafutwa siku ile sasa yuko mbali, hata mimi sijui ni wapi, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mjukuu wangu huyu ni fundi wa mitandao. Tunamwita Waya tangu alipokuwa na miaka sita akaifungua redio ya babu yake na kuipanga mkekani kama mtu anayechambua mchele. Mimi humwita mke mwenzangu, naye hunijibu kwamba mume mwenyewe kazeeka, nibaki naye. Kazi yake ni kuwafungia watu intaneti, maofisini na mashuleni. Nilichokuwa sijui ni kwamba kwa mwaka mzima alikuwa pia anahudumia nyumba moja, na hakuwahi kuitaja mbele yangu.

Ni nyumba yenye geti la chuma na kamba ndefu ya kuanikia nguo, na ng'ambo ya barabara kuna kituo cha askari. Hukimbilia humo wanawake waliopigwa na waume zao. Nyumba yenyewe haikuwa siri, kila mtu aliijua. Siri ilikuwa ni mahali anakopelekwa mtu baada ya hapo. Humo ndani hakuna majina. Ukivuka kizingiti unaliacha jina lako nje kama viatu, unaitwa kwa kazi yako: Msimamizi, Mpishi, Mwalimu, Muuguzi. Na ipo sheria moja ambayo hata aliyeingia jana anaijua. Siku ya kuondoka hakuna kuaga wala kuuliza. Gari likipiga honi mara mbili, yule ambaye zamu yake imefika anachukua begi lake, anatoka, anapanda. Anakokwenda atapajua akifika. Msimamizi ndiye aliyeiweka sheria hiyo, akasema anayeaga hulia, anayelia huulizwa, na anayeulizwa husema.

Siku hizo zamu ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mshonaji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta. Alikuwa amehamishwa mara mbili. Mara ya kwanza alipelekwa chumba kilicho nyuma ya shule fulani. Hajafungua hata begi, mumewe kafika, kaegemea mlango, anachokonoa meno. Mara ya pili alipelekwa mbali zaidi, na mume akawa ametangulia kufika. Huko ndiko alikomvunja mkono. Majirani walipomwondoa alimwambia mkewe, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mara ya tatu hatahangaika na mkono.

Mume huyo alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya intaneti, ile ile iliyokuwa ikiihudumia ile nyumba. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha mitambo, ambamo laini zote za mji hupita.

Msimamizi hakuwaza habari za laini. Yeye alimtazama Mpishi. Mpishi alikuwa na miaka minne humo ndani na mdomo usiojua kupumzika, na kila alipokwenda sokoni alirudi na habari mbili, basi ilionekana wazi kwamba huko nako huacha moja. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Msimamizi, akawa anasubiri tu mwisho wa mwezi amwondoe. Waya ndiye aliyemwomba asubiri kidogo. Alikuwa amegundua kwamba mara zote mbili gari liliagizwa kwa kompyuta ya ofisini, kwa kujaza fomu kwenye tovuti ya ofisi ya magari ya kukodi, na tovuti hiyo ilikuwa ya zamani, haina kufuli.

Nilimwuliza kufuli gani. Akanieleza kwamba maneno yanayopita kwenye intaneti ni ya namna mbili. Yenye kufuli ni kama barua iliyofungwa, mpeleka barua anaona bahasha tu. Yasiyo na kufuli ni kama postikadi, kila mkono unaoipitisha unaweza kuisoma na bado ikafika safi, wala hutajua. Hapo ndipo penye kazi, alisema, kwa sababu anayesoma postikadi haachi alama ya kidole.

Alikwenda kwanza kuiuliza kampuni. Kule kaunta alimkuta bwana mmoja mwenye tai, akamwuliza kama wao huchungulia yanayopita kwenye laini za wateja. Bwana akacheka kwa adabu. Akasema wao ni bomba, maji yanapita na wao hawayaonji. Waya akamshukuru akatoka, na kule ngazini, ndivyo alivyoniambia, akawakumbuka mbuzi wangu.

Hapa lazima niseme kidogo. Zamani, babu yao akifanya kazi mbali, barua zangu nilizipitishia kwa mwenye duka, naye alizipeleka posta. Nikaanza kuona mambo yangu yananitangulia kufika kisimani. Sikugombana na mtu. Niliandika barua mbili. Ile ya dukani nikasema mbuzi wetu wa kahawia kazaa mapacha. Nyingine, niliyompa kaka yangu mkononi, nikasema paa linavuja. Wiki haikuisha mke wa mwenye duka akanipa hongera za mapacha. Nami katika maisha yangu sijafuga mbuzi hata siku moja, mimi na mbuzi hatupatani. Kuhusu paa hakuna aliyeniuliza. Tangu hapo barua zangu zilikwenda na kaka.

Basi mjukuu wangu akatunga uongo wa aina tatu. Alichagua mtaa mmoja wa karakana, mahali pa maseremala na wachomea vyuma, akaupita kwa miguu akiangalia kila mlango. Kisha, Jumatatu alasiri, akajaza fomu ya gari kama kawaida, bila kufuli: mgeni mmoja, begi moja, kesho saa nne asubuhi, mtaa wa karakana, mlango wa buluu. Halafu kwa laini ile ile akatuma ujumbe wenye kufuli kwenda simu yake mwenyewe ya pili: mgeni atashuka kwenye geti la njano. Na uongo wa tatu Msimamizi aliusema kwa mdomo jikoni, akijifanya umemponyoka, Mpishi akiwa anamenya vitunguu: mtaa wa karakana, Jumanne, nyumba yenye pazia jekundu. Mtaa mzima haukuwa na mlango wa buluu, wala geti la njano, wala pazia la rangi yoyote. Mume akifika, atakachokiulizia ndicho kitakachosema nani aliyemwambia.

Mshonaji hakuambiwa lolote. Waya alisema amekwisha beba ya kutosha, wasimwongezee hofu ya mtego.

Lilibaki gari lenyewe. Fomu ile ilikuwa ya kweli, na gari la kweli lingekuja. Kulifuta kwa kompyuta au kwa simu ya ofisini ni kumwambia anayesoma postikadi kwamba ameonekana. Wakakubaliana Msimamizi aende kwa miguu mapema Jumanne, alifute kwa mdomo. Wakalala na amani hiyo.

Jumanne saa tatu Waya alikuwa mtaani. Ili apate sababu ya kukaa, aliibandua mwenyewe soli ya kiatu chake cha kulia, akampelekea mzee mmoja anayeshona viatu chini ya kibaraza. Mzee akakigeuza, akakitazama vizuri.

"Kiatu hiki hakikufa, mjukuu wangu," akasema. "Kimeuawa."

Akampa kibao akae. Waya akakaa, mguu mmoja peku, simu ameizima, kalamu na kijidaftari pajani. Mzee alipiga misumari akizungumza habari za goti lake. Seremala wa ng'ambo alipiga randa ubao. Pikipiki ya kwanza ikapita, ikaenda zake. Ya pili ikapunguza mwendo.

Waya alimtambua mume wa Mshonaji kabla hajavua kofia, maana alikuwa ameonyeshwa picha yake. Alivaa koti la kampuni, lenye mistari ya kung'aa, na rundo la funguo kiunoni. Akaegesha, akatembea polepole akitazama milango upande huu, kisha upande ule. Alirudi hadi kwenye kibaraza. Waya akainama kama anayetafuta kitu mkobani.

"Shikamoo mzee. Mlango wa buluu ni upi hapa?"

"Marahaba. Hapa buluu ni mbingu tu, mwanangu."

"Upo," akasema yule mtu. "Niliambiwa upo."

Hakuuliza geti la njano, hakuuliza pazia jekundu. Akasogea hatua kama ishirini kuelekea chini, akaegemea nguzo, akatoa kijiti, akaanza kuchokonoa meno, macho kwenye mwanzo wa mtaa ambako magari huingilia. Waya akaandika saa: tatu na dakika arobaini na moja. Akaandika na maneno, kama yalivyotoka. Aliniambia moyoni alikuwa na furaha, Mungu amsamehe. Mpishi alikuwa safi. Bomba lilikuwa limeyaonja maji.

Alikuwa bado anaandika alipolisikia gari.

Yaliyotokea kule nyumbani aliyajua baadaye, nami nitayasema hapa ili yaeleweke. Msimamizi alifika ofisi ya magari saa mbili na nusu, akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye ngazi kusubiri. Hakujua kwamba dereva hangoji ofisi ifunguliwe. Fomu ikishajazwa, humfikia simuni. Saa tatu unusu gari likasimama getini, likapiga honi mara mbili. Mwalimu na Muuguzi walitazamana. Mpishi, yeye aliyekuwa amesikia kwa masikio yake kwamba ni Jumanne, na mtaa wa karakana, hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa ameamka alfajiri akachemsha mayai ya safari. Akamfunga Mshonaji kitambaa cha kijani kichwani, akamtia mayai kwenye begi, akamfungulia geti mwenyewe. Na Mshonaji akafanya kama alivyofundishwa. Hakuaga, hakuuliza, akapanda.

Mtego wa panya, wahenga walisema, huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Gari lilikuwa jeupe, taa ya kushoto ina ufa. Waya alilijua. Lilisimama mwanzoni mwa mtaa, dereva ametoa kichwa nje anatafuta. Kwenye kioo cha mlango wa nyuma kulikuwa na kitambaa cha kijani, na chini yake kitu cheupe kimeegeshwa kwenye kioo. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni plasta.

Dereva hakuuona mlango wa buluu. Angeuona wapi? Akatazama nani wa kumwuliza. Mzee wa viatu kainama kazini, seremala kajaa vumbi la mbao, na kule chini, wima penye nguzo, yupo mtu wa kampuni, koti linang'aa, mtu anayejua nyumba zote. Gari likaanza kuteremka pole pole kuelekea kwake.

Waya hakuweza kupiga kelele. Angepiga, mume angegeuka. Hakuweza kukimbia, kwa sababu hiyo hiyo. Kampuni yote na mitambo yake, na yeye na elimu yake, vyote vilikuwa vimefika mwisho, imebaki hatua chache za barabara. Akamwinamia mzee, akasema bila kunyanyua macho:

"Babu, yule akimwona aliye ndani ya gari lile atamuua. Mwondoe hapa."

 Mzee alichoma sindano yake kwenye kipande cha ngozi ili isipotee, akasimama akishika goti.

"Wewe bwana wa nguzo," akaita. "Nimekumbuka. Mlango wa buluu uko huku nyuma, kichochoroni. Njoo nikupeleke."

Mume hakusogea. Alikuwa analitazama gari. Akatazama saa yake, maana fomu ilisema saa nne, na saa nne ilikuwa bado. Mzee akawa ameshamfikia, akamshika kiwiko kama mtu anayemshika mwanawe, akamwambia kwa sauti ya manung'uniko kwamba watu wanahama hapo kila mwezi, wanapaka rangi usiku, asubuhi mtu hajui mlango wa jirani yake. Akamwuliza anataka kuuona au hataki, maana yeye ana kazi. Mume akakitema kijiti chake, akafuata. Penye kona akageuka nyuma mara moja. Gari lilikuwa limekwama nyuma ya mkokoteni wa mbao wa seremala. Akaingia kichochoroni.

Hapo tu Waya alisimama. Aliniambia alitembea, hakukimbia, kiatu kimoja kikigonga na mguu mmoja hausikiki, na kila hatua aliihesabu. Zilikuwa kumi na tisa. Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akamwambia dereva ageuze na asiguse honi.

Dereva akasema yeye kaambiwa mlango wa buluu.

"Hakuna mlango wa buluu," Waya akasema. "Niliutunga mimi."

Kutoka nyuma Mshonaji akauliza, kwa adabu, kama mgeni anayeuliza maji:

"Nimefika?"

Waya aliniambia swali lile ndilo litakalomfuata maisha yake yote. Alimjibu bado, dada, akamwomba alale chini, kati ya viti. Mwanamke akashuka sakafuni na plasta yake. Dereva aligeuza gari kwa mara tatu, gia ikilia kama mbwa aliyekanyagwa, na walipokata kona Waya aliona kwenye kioo koti linalong'aa likitoka kichochoroni, mikono kiunoni, likitazama mtaa mtupu. Hakujua kama lilikuwa limeona taa ya nyuma au halikuona. Njia nzima kila pikipiki aliiona ni ya yule mume. Kwa mtu anayekimbia, pikipiki zote zina sauti moja.

Simu zote zilizimwa, ya dereva pia. Kurudi kwenye nyumba hawakuthubutu. Waya akatafuta akilini mahali ambapo hapajawahi kuandikwa kwenye fomu yoyote, kwa mtu yeyote, kwa njia yoyote. Akaja kwangu.

Waliingia kwa mlango wa nyuma. Niliona kwanza mguu peku wa mjukuu wangu, umechubuka kidole, ndipo nikamwona yule mwingine nyuma yake.  Nilifunga komeo, nikaweka maji ya moto, na Waya akanieleza yote niliyoyaandika.

Alipomaliza alisema jambo moja zaidi. Alisema, "Bibi, nilitaka kujua nani anamsoma, nikamtia yeye kwenye postikadi." Nilimwambia ndiyo, umefanya hivyo. Sikumwongopea, ana akili ya kutosha kujua uongo. Nikamwambia pia kwamba mimi katika barua zangu nilitumia mbuzi ambaye hayupo. Yeye alitumia mlango usiokuwapo, lakini gari lilikuwapo. Mara nyingine na gari liwe la uongo. Akatikisa kichwa kukubali, akaegemea ukuta. Nilipogeuka kuweka sufuria alikuwa amelala, mdomo wazi, kiatu chake kimoja kimeelekea mlangoni.

Kijidaftari chake baadaye kilikwenda mbali. Kilifika kwa askari wa ng'ambo ya barabara, kikafika kwa wakubwa wanaosimamia kampuni hizo, na mzee wa viatu akaenda mwenyewe kueleza habari za mlango wa buluu, akakaa huko siku nzima akifurahia viti. Yule mwanamume aliwekwa ndani. Kampuni haisemi tena habari za bomba, inasema inachunguza. Msimamizi alimwomba Mpishi radhi, na Mpishi, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, alinyamaza siku tatu.

Lakini siku ile tulikuwa bado hatuna hata moja la hayo. Tulikuwa na komeo tu.

Mshonaji alikaa kitandani kwangu, wima, begi mapajani. Nilimwambia ajinyooshe, akasema asante bibi, lakini hakujinyoosha. Alikuwa anasikiliza honi. Zilipita nyingi, na kila ikilia mara moja alishika mkanda wa begi akisubiri ya pili. Saa tisa pikipiki ikasimama karibu kabisa na dirisha. Ikanguruma pale pale.  Kisha sauti ya jirani yangu ikasema mtungi wa gesi uwekwe ndani, si mlangoni, na pikipiki ikaondoka.

Niliona mikono yake inatafuta kitu cha kufanya. Nikachukua gauni langu lililofumuka upindo, na sindano, nikamwambia macho yangu hayaoni tundu. Huo nao ulikuwa uongo, lakini mdogo. Alishika sindano kwa meno, akapitisha uzi kwa mkono mmoja mara ya kwanza, bila kukosea. Akaanza kushona, gauni limebanwa chini ya plasta. Alishona vizuri kuliko nilivyopata kushona mimi na mikono miwili.

Kama baada ya shibiri moja ya upindo akasema bila kuinua macho:

"Bibi, hapa pameandikwa popote?"

"Hata barua hazifiki hapa, mwanangu."

"Na mlango wako una rangi gani?"

"Hauna rangi. Mbao tupu."

Akashona tena kidogo. Jua lilikuwa limefika ukutani, kwenye kalenda. Niliinuka nikaleta kiti, nikakiweka nyuma ya mlango, nikakaa juu yake na uzito wangu wote, ambao si haba. Aliniona. Mishono ikaanza kuwa mirefu, halafu ikasimama. Begi likateleza, mayai ya Mpishi yakagongana ndani yake, naye hakulishika. Honi ililia barabarani, ikalia tena.

Hakufungua macho. Nikasubiri kidogo, kisha nikaitoa sindano vidoleni mwake asijichome.